Mama anasahau, ndugu zangu wanasema amerogwa

Hujambo shangazi, niko hapa Nakuru, Free Area, na shida ya mamangu imetugawanya vibaya sisi watoto wake.

Mama ana miaka 72. Amesaga unga kwa posho mill yake karibu miaka thelathini na ile kelele ikamaliza masikio polepole, sisi tukazoea kumpigia makelele na hata tulikuwa tunacheka. Mwaka jana akaanza kulipa pesa ya chama mara mbili, ukimuuliza anasema unataka kumuibia, alafu jioni moja akitoka kanisani akapita stage yetu akashukia Lanet, mtu wa boda ndio alimleta saa nne usiku mimi nimelia hadi sauti imeisha.

Daktari alimpima akasema inaonekana ni Alzheimer, ndio inaleta visa 60 hadi 70 kwa kila 100 vya dementia, yaani ule ugonjwa wa ubongo wa kupoteza kumbukumbu na akili. Ati dunia nzima watu zaidi ya milioni 55 wana dementia na wengi wao wako nchi kama hizi zetu, kwa hivyo hii maneno ya bro ati ni ugonjwa wa wazungu wacha tu. Umri ndio kitu kubwa, lakini presha, sukari, sigara, kukaa pekee yako, hata kutosikia vizuri, zote zinaongeza hatari. Aliposema masikio nikaangalia chini.

Sasa bro na senje (dada ya baba) wa Bungoma wanasema mama amerogwa juu ya hiyo posho mill, wanataka kumpeleka maombi wiki mbili na dawa zake za presha ziachwe nyumbani ndio imani isiingiliwe. Mashine ya masikio nayo bro anasema ni kutupa pesa. Shida ni kwamba yeye ndio firstborn na mama anamskiza yeye tu.

Alafu kuna mimi. Nina presha tangu nizae lastborn, na daktari alisema mzazi akiwa na Alzheimer uwezekano wako unapanda kiasi ingawa si lazima ikupate, lakini siku hizi nikisahau tu mahali nimeweka simu natetemeka.

Shangazi, nianzie wapi na bro bila kuvunja familia? Na PIN ya M-Pesa ya mama niichukue ama atasema kweli namuibia? Wanakuja kumchukua Jumamosi.