Kiti cha nyanya yako

Amu, Jumatano baada ya alasiri

Shoga yangu,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, watoto wazima, goti la mama ndilo lile lile, linajaa na kupwa kama maji. Huko Maskati joto limepungua? Najua nimekaa kimya tangu mfungo mosi, na najua utanisuta. Nisute baadaye.

Nasikia kiti cha nyanya yako kinauzwa.

Nduguyo hakuniambia kitu. Nimeambiwa na fundi wa madirisha pale gatini, kama mtu anayenipa bei ya samaki. Eti kuna mzungu wa Shela kaja, kakipiga picha mbele na nyuma, na nduguyo kamwambia arudi mwisho wa mwezi. Nilifika nyumbani mchele nimeuacha dukani.

Jana nikampeleka kitinda mimba wangu makumbusho. Ukitaka kweli, nilikwenda kukitazama kiti cha kwao, mtoto alikuwa kisingizio tu. Unaikumbuka likizo ya Agosti 1994? Kusi limechafuka, tumekatazwa kuogelea baada ya ile siku tuliyokwenda Shela kwa miguu maji yakiwa yamepwa, tukarudi yamejaa na mabuibui yametulowa mpaka kifuani. Tukawa kutwa tunashinda mle makumbusho. Ngome tuliiogopa, jela ilishaondoka 1984 lakini wewe uliapa umesikia minyororo. Basi mtepe mdogo, kile chombo cha bahari cha kale, ungali pale, umeshonwa kwa kamba, hauna msumari hata mmoja. Siwa mbili, zile baragumu kubwa, nazo zipo, ya pembe ya ndovu ya Pate na ya shaba ya Amu. Mwanangu akauliza zinapulizwaje. Nikamwambia kwa mdomo. Akanitazama kama mjinga.

Kiti chao ni kizuri, sikatai. Mti mweusi, vipande vyeupe vimechomekwa, kamba zimesukwa mgongoni, na kibao chake cha kuwekea miguu. Lakini cha kwenu kinakishinda, hilo tulikwisha likata zamani. Kasoro yake ni ule mkono wa kushoto tu. Na hapa kalamu inaniwia nzito.

Shoga, kile kipande ninacho mimi.

Usijitie hujui. Wewe ndiye uliyetoka makumbusho siku ile ukasema lazima tujue cha kwenu ni pembe au ni mfupa. Mimi ndiye niliyeleta sindano. Kikachomoka, chembamba kama ukucha wa kidole cha mwisho, nyuma kimeganda gundi nyeusi. Nyanya akaingia, nikakitia mdomoni. Nduguyo akala bakora kwa sababu jana yake alikikalia kiti na nyumba nzima ilimwona, na sisi tumekaa ukumbini tunakula kaimati. Tangu hapo kimo ndani ya kijaluba changu cha udi. Kimegeuka manjano na kinanukia harusi.

Sasa nitamwendea vipi nduguyo nimwambie usiuze? Kwa uso gani?

Na ana sababu zake. Nilipita Ijumaa, boriti mbili za dari zimepinda, chokaa inamwagikia zidaka zile za ukutani ambazo nyanya yako alikuwa hatuachi hata tuzipumulie. Boriti siku hizi si bei ya zamani. Na hizo pesa unazotuma wewe, nasikia zina… basi, si yangu hayo.

Nilimtajia fundi ile sheria ya makumbusho na turathi ya 2006, kwamba kitu cha kale hakitoki nchini bila kibali. Akacheka. "Kwani Shela ni nje ya nchi?" Sikuwa na jibu, nikanunua changu wawili nikaondoka.

Ila usiku kucha nakifikiria kile kiti barazani kwa mtu, taulo mbichi limetundikwa mgongoni.

Hebu niambie: wewe umeulizwa? Au nawe umesikia kwangu? Kama umekubali, umekubali kwa moyo au kwa kuchoka na simu zake? Anataka kiasi gani? Tukichanga mimi na wewe na shangazi yako wa Malindi, boriti mbili zitatushinda? Au kiende makumbusho kikae na mwenzake, jina la nyanya liandikwe chini yake, ungeridhika? Mama yako angesemaje? Na kipande je, nikipeleke kabla ya kuzungumza naye au baada? Unaweza kuja, hata siku nne, nisisimame mbele yake peke yangu? Halafu, bakora zilikuwa tatu au nne? Maana akiniuliza nataka nisipunguze.

Usinitumie sauti, mama huniwekea simu sikioni mwake. Niandikie.

Wako,
mwenye sindano