Yadi zituoneshe jibu la namba ya chesisi kabla hatujalipa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niwasemee wanunuzi wa magari yaliyotumika kutoka Japani. Tukifika yadini tunaangalia rangi, matairi, kilomita na mlio wa injini. Wachache sana huuliza kama kiwanda kiliwahi kuliita gari hilo lirudi kubadilishiwa kifaa cha kudhibiti hewa chafu, na kama liliitwa, je, lilikwenda?

Juni 2016 Toyota ilitangaza kuyaita magari yapatayo milioni 2.87 duniani, yaliyotengenezwa kati ya Aprili 2006 na Agosti 2015, yakiwamo ya aina ya Prius, Auris na Corolla. Tatizo lilikuwa kwenye kifaa kinachonasa mvuke wa petroli kutoka kwenye tangi ili usiende hewani. Kifaa hicho kingeweza kupata ufa, na ufa ukiongezeka mafuta yakavuja. Takriban milioni 1.55 ya magari hayo yalikuwa Japani kwenyewe. Itazame miaka hiyo ya kutengenezwa, kisha simama dakika tano pembeni mwa barabara yoyote ya Dar es Salaam, Arusha au Mombasa uone magari yanayopita ni ya miaka gani. Jambo hili ni letu kabisa.

Japani, kiwanda kikitoa wito wa namna hiyo, mwenye gari aliyesajiliwa huandikiwa barua, analipeleka gari kwa wakala na kazi inafanyika bure. Mfumo ni mzuri, ila unamfuata mtu aliyesajiliwa. Gari likishafutwa usajili na kupakiwa melini, barua inabaki kwa mmiliki wa zamani au haiendi popote. Mnunuzi wa Mwanza hayumo kwenye orodha yao. Asipotafuta mwenyewe, hakuna atakayemwambia.

Na kutafuta kwenyewe kuna mtego unaowanasa hata watu waangalifu. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17 kama magari ya Marekani. Lina herufi za modeli, kistari, kisha tarakimu. Prius nyingi tulizonazo, kwa mfano, zinaanza na ZVW30. Ukiingiza namba hiyo kwenye tovuti ya Kimarekani, inakataliwa au inajibu kuwa haikuona kitu, na mtu anaondoka akiamini gari lake halina tatizo. Tovuti ile haina kumbukumbu za gari hilo tangu mwanzo. Namba inatakiwa iingizwe kwenye ukurasa wa Kijapani wa kiwanda chenyewe, kama ilivyoandikwa kwenye cheti cha kusafirishia gari na kwenye bodi lake. Ukurasa ni wa Kijapani, ndiyo, lakini simu nyingi siku hizi zinatafsiri. Jibu litakuambia kama gari limo kwenye wito na kama kazi ilishafanyika. Mara nyingi gari lililokwisha kubadilishiwa kifaa huwekwa pia kibandiko kidogo chenye namba kwenye nguzo ya mlango wa dereva, karibu na chuma kinachoshika kufuli.

Jina la gari na mwaka peke yake havitoshi. Magari mawili yanayofanana kwa kila kitu yanaweza kutofautiana: moja limo, jingine halimo, kwa sababu wito huhesabiwa kwa mfululizo wa namba za chesisi. Anayekwambia "hizi za mwaka huu hazina shida" hajakujibu.

Kwa wenye magari yaliyotoka Marekani, namba ya herufi na tarakimu 17 inafanya kazi, lakini tovuti maarufu ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, inahusu hasa wito wa usalama. Wito wa vifaa vya hewa chafu uko chini ya EPA, mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, na unaweza usionekane hapo. Mwaka 2019 FCA (kampuni ya Fiat Chrysler) iliyaita magari 862,520 kwa sababu ya masega, yaani kifaa cha kwenye bomba la moshi kinachosafisha hewa chafu, yaliyokuwa yakichakaa mapema, yakiwamo Dodge Journey, Jeep Compass na Jeep Patriot. Mwenye gari la namna hiyo aulize kiwanda moja kwa moja. California wanalichukulia jambo hili kwa uzito kiasi kwamba gari lenye wito wa hewa chafu ambao haujatekelezwa linaweza kunyimwa usajili wa mwaka.

Hapa kwetu, Mhariri, masega yenyewe yanatolewa. Fundi anamwambia mteja gari litakuwa jepesi, masega yanakatwa na kuuzwa kwa sababu ya madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu yaliyomo, na mtoto anayetembea kando ya barabara kwenda shule anavuta kinachobaki. Inaniuma sana. Gari likishakatwa masega, wito wa kubadilisha masega hauna tena cha kubadilisha, na mnunuzi wa pili hajui hata kilichopotea. Kwa hiyo muulize muuzaji wazi, kisha ingia chini ya gari na mtu unayemwamini.

Ninachoomba ni kitu kidogo. Kila yadi ichapishe jibu la namba ya chesisi kutoka kiwandani na kulibana pamoja na karatasi za gari kabla mteja hajalipa. Kazi yenyewe haichukui muda na haina gharama. Na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambao tayari wanakagua magari yaliyotumika yanayoingia nchini, waliongeze jibu hilo katika mambo wanayoyadai. Gari lenye wito ambao haujatekelezwa lisizuiwe lazima, lakini mnunuzi aambiwe kwa maandishi, ajue kifaa gani kina kasoro, na aweze kumuuliza wakala rasmi kama kitabadilishwa bila malipo kabla hajatoa fedha yake.

Msomaji wako,
Mwanza