Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Ritani, Posho ya Safari na Ada

Ndugu wanachama, madereva wa masafa marefu mlioajiriwa na makampuni, pamoja na matingo wetu, wasaidizi wa dereva,

Nawasalimu nyote, mlio Mombasa na mlio njiani kuelekea Malaba, Busia, Kampala, Kigali au Juba. Kwa niaba ya kamati naleta taarifa ya mwaka 2025.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tulizika wenzetu wawili na rambirambi zikafikishwa kwa familia. Wagonjwa walitembelewa, mafunzo ya huduma ya kwanza yalifanyika, harambee ya karo nayo ilifanyika. Hesabu za mwaka: walioandikishwa 142, waliomaliza ada 51, makusanyo shilingi 214,300, matumizi 187,650, salio 26,650. Risiti ziko kwa mweka hazina, na yeyote mwenye shaka aende akazione.

Sasa niingie kwenye jambo lililozua maneno. Ndani ya matumizi hayo mna shilingi 96,000 alizolipwa wakala wa ushuru mwenye leseni. Nimeyasikia yanayosemwa vijiweni Changamwe na Miritini: kwamba mwenyekiti amechukua pesa za mbuzi wa sherehe ya Desemba akampa rafiki yake, na kwamba saiba, yaani duka la intaneti, hufaili ritani (taarifa ya mapato na ushuru ya mwaka) kwa shilingi mia mbili, kwa hiyo wakala wa nini. Nitajibu kwa kirefu kwa sababu jina langu limetajwa, na kwa sababu jambo lenyewe linagusa mishahara yenu.

Mwezi wa Mei niliwaomba mlete nakala za ritani zenu. Nyingi kati ya zilizoletwa zilikuwa za sufuri, yaani zisizoonyesha mapato yoyote. Dereva anakatwa PAYE, ushuru wa mshahara, kila mwezi, mwajiri anaipeleka KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, ikiwa na PIN (namba ya ushuru) ya dereva na mshahara wake, halafu dereva huyo huyo anatangaza kwamba mwaka mzima hakupata hata senti. Hilo ni tamko la uongo, na anayebanwa ni mwenye PIN, si kijana wa saiba aliyebonyeza kitufe. Wengine hawakuwa wamefaili kabisa, wakidhani PAYE ikishakatwa basi kazi imekwisha. Sheria haisemi hivyo. Kila aliyeajiriwa anatakiwa afaili kwa kutumia P9, fomu ya mshahara na makato ya mwaka, aliyopewa na mwajiri, mwisho Juni 30. Akichelewa, faini ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru wa kulipwa kwa ritani hiyo, ile iliyo kubwa zaidi. Ritani iliyokosewa huweza kusahihishwa ndani ya miaka mitano, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza aliyoifanya wakala wetu. Mnaonilaumu, baadhi yenu ritani zenu zimo humo.

Kazi ya pili ndiyo iliyogharimu zaidi, nayo ni posho ya safari. Sheria ya kodi ya mapato inasema mfanyakazi anapokuwa safarini kikazi, nje ya kituo chake cha kawaida, posho ya kujikimu haihesabiwi mshahara hadi kiwango fulani kwa siku. Kiwango hicho kilikuwa shilingi 2,000, na Sheria ya Fedha ya 2025 imekipandisha hadi 10,000 kuanzia Julai 1, 2025. Posho zetu wengi hazijawahi kufika hata hizo 2,000. Lakini katika payslip (hati za mshahara za kila mwezi) tulizozikusanya, baadhi ya waajiri wameiweka posho pamoja na mshahara na kuikata ushuru. Chukueni dereva wa mshahara wa 45,000 anayelala njiani usiku ishirini kwa posho ya 1,500. Ile 30,000 ikichanganywa na mshahara, yote inaangukia kwenye ngazi ya asilimia 30, na PAYE yake inapanda kwa zaidi ya shilingi 8,000 kwa mwezi. Bado SHIF, mchango wa bima ya afya, ya asilimia 2.75 na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 juu yake. Pesa ya chakula cha Mtito Andei na kitanda cha Malaba inakatwa kama kwamba mtu ameipeleka nyumbani!

Saiba haiwezi kurekebisha hilo, hata ulipe elfu mbili. Ritani hufuata P9, na P9 hutoka kwa mwajiri. Asipobadilisha yeye, dereva hana la kujaza. Ndiyo maana wakala aliandika barua kwa waajiri, moja moja, zikiwa na vifungu na hesabu. Wawili wamekwisha kutenganisha posho na mshahara. Wengine hawajajibu, nasi tutawaandikia tena. Wazo la barua lilikuwa langu, na nililipigania pale kamati iliposita. Nasema hivyo kwa kuwa lawama nazo zilielekezwa kwangu peke yangu.

Nieleze pia yasiyowezekana. Mileji, ile bonasi ya kilomita, ni mshahara na inatozwa ushuru. Wakala hawezi kuigeuza posho. Pesa ya mafuta na maegesho ni ya kampuni, rudisheni risiti. Viatu, tochi, bando za simu na turubai mlizojinunulia hazina mahali katika ritani ya mwajiriwa. Kilichopo ni hiki: tangu Desemba 27, 2024, SHIF na tozo ya nyumba huondolewa kwanza ndipo PAYE ihesabiwe, na michango ya NSSF (mfuko wa akiba ya uzeeni) na pensheni nayo hadi 30,000 kwa mwezi. Nafuu ya kibinafsi, inayopunguzwa kwenye ushuru wenyewe, ni 2,400 kwa mwezi. Mwenye bima ya maisha ana nafuu ya asilimia 15 ya malipo yake, isiyozidi 60,000 kwa mwaka, lakini lazima ampelekee mwajiri cheti cha bima. Wangapi wamepeleka?

Hapa inanibidi niseme kwa uchungu. Jumapili aliyokuja wakala kueleza haya yote, tulikodi ukumbi na viti mia. Viti vingi vilibaki vitupu, na waliopiga kelele zaidi baadaye hawakuwamo. Najua kazi yetu, mtu huitwa kupakia usiku na hana la kufanya. Lakini wapo waliokuwa Mombasa siku hiyo, na simu zangu hawakuzipokea. Ada ni shilingi 300 kwa mwezi. Wanachama 91 hawajaimaliza, na wapo ambao hawajatoa chochote tangu Januari, ilhali walipofiwa chama kilikwenda. Hao wote wakilipa, mbuzi wa Desemba wangepatikana na wakala vilevile.

Katika mwaka 2026 tunatumaini kuanzisha akiba ya pamoja, na Mungu akijalia, kupata mahali pa kupumzikia madereva karibu na mizani ya Mariakani. Mazungumzo yataendelea.

P9 za mwaka 2025 ziombeni kwa waajiri sasa, msisubiri Juni. Leteni nakala kwa katibu pamoja na payslip ya mwezi mmoja wa kabla ya Julai na mmoja wa baada yake, ili wakala alinganishe posho. Atahudumia waliomaliza ada pekee. Kamati imekubali hivyo, na mimi sitasaini ruhusa ya mtu yeyote nje ya orodha hiyo.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti