Yaya, juu ya ile barua ya kwa Raisi

Lubumbashi, siku ya mungu jioni

Yaya wangu,

Jambo sana, na jambo kwa mama na batoto bote kule Likasi. Mesaje yako ilifika siku ya ine lakini sikujibu mbio juu sikutaka kukujibu ovyo, uliomba nikuandikie barua ya kwa Raisi ili afungue kaka yako mwenye eko mu gereza, na miye nikasema ngoja kwanza nisome katiba ya Kongo muzuri, ile ya tarehe 18 Februari 2006, nikaazima kijitabu kwa jirani mwenye anasoma droa, masomo ya sheria. Nilikaa nacho usiku mbili. Ni ya Kifaransa, na mule ndani yenyewe imeandikwa serikali ieneze sheria hata mu Kiswahili mu siku 60, nikafikiri ku mama yako, angeisoma yeye mwenyewe asingelia vile alilia ku telefone.

Nakuambia kweli juu ninakupenda: Raisi hawezi kumufungua kaka yako leo, hata angekuwa na huruma ya namna gani. Artikle ya 87 inamupa haki ya kusamehe, inasema anaweza kufuta azabu, kuibadilisha ao kuipunguza. Azabu, Yaya! Sasa kaka yako eko na azabu gani? Myezi saba eko mule ndani, juji hajamusomea hukumu, hajamukatia hata mwaka mumoja, sasa Raisi atafuta nini? Hata siku ingine akihukumiwa na Raisi akakubali, sinyatire yake, ule mukono wa kutia ku karatasi, peke haitoshi, artikle ya 79 inaomba waziri mukuu naye atie yake. Ile ilinishangaza sana juu shiye tulikomaa tukijua Raisi akisema imeisha, kumbe karibu kila ordonansi yake, ile amri ya kuandikwa, inangojea mukono wa pili, zenye hazingoje ni kidogo, kama ile ya kumuweka waziri mukuu mwenyewe ao ya kutoa medali. Hata vita, anaitangaza yeye lakini badepite na basenatere njo banamupa ruhusa kwanza. Na amnestia yenye muliongea pale nyumbani, ya kufuta kosa lenyewe, ile si ya Raisi hata, inapita mu sheria, ni kazi ya parlema.

Lakini yenye iliniuma zaidi ni ile maneno ya mjomba, eti Raisi apige tu simu kwa juji, si yeye njo anabaweka? Kweli anabaweka, artikle ya 82, lakini ni kisha baraza kubwa ya bamajistra, bajuji na benye kushitaki, kumupendekezea, na akishamuweka juji hana ruhusa ya kumuambia kata hivi, kata vile. Artikle ya 151 inakataza serikali kumupa juji amri mu kazi yake. Yaya, mwambie mjomba kwa heshima yote, hiyo simu tusiiombe. Juu tukiizoea leo, kesho mutu mwenye pesa kutupita ataomba apigiwe yeye, na njo kaka yako atabakia mule miaka na miaka. Mimi najua hasira ya mjomba, nami nikitoka pale ku mulango wa gereza na kitunga mukononi ninakuwaka na hasira vilevile, lakini ile mulango tusiifungue.

Sasa usiseme basi Raisi hana kazi. Eko na kazi, tena kubwa. Siku ya kuapa mbele ya Korti ya Katiba anasema mbele ya Mungu na taifa kama atachunga katiba na sheria, ataheshimu haki za mutu, atatumika kama mutumishi mwaminifu wa raia. Artikle ya 69 nayo inamuagiza aangalie katiba iheshimiwe na vyombo vya inchi vitembee muzuri. Njo maana barua tutaiandika, lakini haitasema «Raisi mufungue», itasema katiba yenye uliapa inaruhusu polisi kumushika mutu saa 48 tu, kisha bamuachilie ao bamufikishe kwa benye kuhusika na sheria, na artikle ya 19 inasema kesi isikiwe mu muda wenye kufaa, na huyu kijana myezi saba hajaona juji wa kumuhukumu. Ile ya kwanza kabisa tunaipeleka ku tribinali na ku parke, kwa benye kushitaki, avoka, yule wa kututetea, anaipitisha, kopi njo inaenda kwa Raisi.

Na mama asiogope hata kidogo. Artikle ya 27 inasema kila Mukongomani anaweza kuandikia bakubwa ba serikali, na banapaswa kujibu mu myezi tatu, na hakuna mutu wa kufuatiliwa juu aliandika. Jina lake aweke pale chini, yake mwenyewe, isiwe yangu.

Unitumie ile karatasi ya siku benye kumushika balifika, hata foto tu, nataka tarehe na namba ya dosye, bila hiyo avoka hawezi kuanza. Juzi nilimupelekea kaka yako bukari na samaki, alikula yote mbele yangu, amekonda lakini anacheka, anaomba sabuni na ile sweta yake ya rangi ya bule juu usiku baridi iko mingi. Ukipata mutu wa kuja huku siku ya pili, umupe.

Mudogo yako