YAH: MALALAMIKO KUHUSU SOMO LENU LA UWIANO NA NAMNA NILIVYOJIBIWA

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Swali mnalijua, ni lenu: mtu anatembea robo tatu ya kilomita kwa nusu saa, anatembea kilomita ngapi kwa saa moja? Binti yangu akajibu 1.5. Programu yenu ikamkosesha, ikamwonyesha jibu inaloliita sahihi: 2/3.

Kwa heshima zote, nusu saa ya kwanza mtu huyu amekwisha kumaliza robo tatu. Saa nzima ni nusu saa mbili, kwa hiyo ni robo tatu mara mbili, yaani kilomita moja na nusu. Theluthi mbili ni ndogo kuliko robo tatu. Je, nusu saa ya pili alitembea kinyumenyume?

Nilipopiga simu, mhudumu wenu alicheka. "Mama, mfumo haukosei. Hesabu si za kila mtu." Spika ilikuwa wazi na mtoto alikuwa pembeni yangu.

Hiyo 2/3 naijua ilikotoka. Mmegawanya saa kwa kilomita, badala ya kilomita kwa saa. Ni muda wa kutembea kilomita moja, dakika 40: jibu zuri kabisa la swali ambalo hamkuuliza. Haya nilikwisha kuwaandikia kabla ya kupiga simu, nikaletewa ujumbe wa mashine wa kunishukuru kwa kuwa mteja wenu.

Nairudia ile simu kwa sababu ndiyo inayoniuma. Nilimwomba achukue kikokotoo, agawanye 0.75 kwa 0.5, basi. Akasema hana muda huo. Nikaomba msimamizi wake. Ndipo akacheka, Ndugu Meneja, akacheka mtoto anasikia, na kutuambia hesabu si za kila mtu. Sasa binti yangu akipewa uwiano anagawanya pande zote mbili, kisha ananiuliza programu itapenda lipi.

Naomba swali lisahihishwe na alama yake irudishwe. Naomba pia radhi ya maandishi, kwangu na kwake. Tena, kwa kuwa nimefika hapa, nataka ada yote ya mwaka, si ya mwezi huu peke yake. Msiponijibu ndani ya siku saba, picha za skrini zitakwenda kwa mamlaka ya kuwalinda watumiaji. Mnasema simu zenu hurekodiwa ili kuboresha huduma. Isikilizeni hiyo kabla wao hawajaiomba.

Wenu,
Mteja aliyelipia mwaka mzima