Barua kwa mjomba mfuga vipepeo: huku miti ndiyo inayomwua kipepeo

Mjomba, shikamoo.

Picha ya kipepeo niliyoituma kwenye kundi la familia imeleta maneno mengi, lakini wewe peke yako ndiye uliyeuliza la maana: huyo anakula nini? Nakujibu hapa hadharani, maana najua wafugaji wenzako wa Amani, kule Usambara, nao watataka kusikia.

Anaitwa Apolo. Ni kipepeo wa milimani, anapatikana kuanzia Hispania hadi Asia ya Kati, na huku Uswisi jimbo la Valais bado wapo. Mabawa ni meupe, yakitandazwa yanafika sentimita 8 hivi. Ya mbele yana madoa meusi, ya nyuma yana madoa mekundu yaliyozungushiwa weusi. Kingo zake zinapitisha mwanga kama karatasi iliyofungia maandazi. Asubuhi, kabla jua halijampasha, kuruka ni shida. Ukimgusa anajiangusha chini, anafungua mabawa ghafla ili uyaone yale mekundu, kisha anayakwaruza kwa miguu mpaka yatoe sauti ya kufoka. Sikutegemea kipepeo anifokee.

Sasa chakula. Kiwavi wake anakula sedumu, mimea mifupi yenye majani manene yaliyojaa maji, inayoota juu ya mawe na kwenye nyufa za kuta. Kiwavi ni mweusi mwenye vidoa vya rangi ya chungwa, na weusi huo unamsaidia kunyonya joto. Yai linatagwa kiangazi, kiwavi anakamilika humo ndani, lakini hatoki! Anapitisha baridi yote ndani ya ganda, theluji juu yake, mpaka majira ya kuchipua. Pupa (kiwavi akishajifunga ili ageuke kipepeo) naye haning'inii, analala chini katikati ya mawe ndani ya utando mwembamba. Kizazi kimoja tu kwa mwaka. Kwa ile biashara yako ya zamani ya kuvuna pupa na kuwapakia kwenye ndege, ungelala njaa.

Hapa ndipo utakaponishangaa. Usambara tumekua tukiambiwa ukifyeka msitu umemaliza vipepeo, na ni kweli. Huku Apolo anamalizwa na miti. Miteremko hii ilikuwa ya mbuzi, kondoo na ng'ombe. Watu wakaacha ufugaji wakashuka mabondeni, vichaka vikapanda, miti ikafuata. Kivuli kikilifunika jiwe, sedumu haina maisha. Na baridi ikilegea mapema, kiwavi anaweza kutoka kabla ya wakati, halafu baridi ikarudi ikamkuta nje.

Wenyeji wa huku wanapenda kuwalaumu wakamataji wa zamani waliomchoma pini na kumuuza. Hawakosei, walimkamata sana. Ujerumani ilimlinda kisheria tangu 1936, na leo yumo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo ulipouliza kama anauzika, sahau. Ila mimi naona kupiga marufuku wavu ni kazi rahisi. Kumpata mtu wa kupandisha mbuzi mlimani kila mwaka, hapo ndipo penye kazi.

Poland walijaribu njia mbili kwa pamoja. Katika milima ya Pieniny, mwanzoni mwa miaka ya 1990 walibaki vipepeo wasiofika 30. Wakaanza kuwafuga kwenye vizimba, kama ulivyokuwa ukifanya wewe kabla ya zuio la 2016 la kusafirisha wanyamapori hai nje ya Tanzania, na huku wakifyeka vichaka ili mawe yapate jua. Idadi ikapanda. Ila baadhi ya waliofugwa walitoka kwenye pupa wakiwa na mabawa pungufu, wengine hawana kabisa. Wewe umelea vipepeo miaka na miaka: uliwahi kuona hivyo kizimbani kwako, na ulifanyaje? Niandikie hapo chini, usinipigie, wengine nao wasome.

Na ile safari yako ya kuja huku, tuipange Julai. Ndipo wanaporuka. Njoo na viatu vya kupandia, maana kandambili huku kwenye changarawe hazifai.

Mpwa wako, Valais