Hamisi, bodi isiguswe

Leicester, Jumanne usiku

Kaka Hamisi,

Salaam. Sisi huku wazima, Mama Salma anakusalimu, na ule mzigo wa muhogo mkavu ulifika salama. Mengine tutaongea ukija. Nimeandika usiku huu huu kwa sababu ya neno ulilolitupa juzi mwishoni mwa simu: kwamba yule dalali ataleta fedha taslimu Ijumaa kulinunua lile gari la zamani la Bentley ambalo marehemu amemwachia Bibi, mjane wake, na kwamba mtoto mkubwa wa marehemu anataka gari lipulizwe rangi kwanza ili lipendeze. Tangu hapo moyo haujatulia. Nakuomba, kabla ya lolote, rangi isipulizwe. Turubai lirudi juu ya gari, mlango wa ghala ufungwe, na hiyo Ijumaa asije mtu.

Kama kweli ni Bentley 8 Litre, zilitengenezwa 100 tu, pale Cricklewood, London. Ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari ya Olympia Oktoba 1930. Julai 1931 kampuni ikaelemewa na madeni ikaingia mikononi mwa wafilisi, na kabla mwaka haujaisha Rolls-Royce wakawa wameinunua. 8 Litre ikaishia hapo. Chasisi, yaani fremu ya chini, na injini, bila bodi ya juu yenye milango na paa, bei yake ilikuwa pauni 1,850. Mwenye fedha aliichukua chasisi akaipeleka kwa waunda bodi aliowapenda mwenyewe, H.J. Mulliner, Thrupp & Maberly, Freestone & Webb na wenzao, naye akachagua kila kitu mpaka kitasa.

Sasa sikiliza hapa. Nyingi zilitoka zikiwa saluni: paa la kudumu, viti vya ngozi, gari la kumpeleka bwana mjini. Miaka ilivyopita watu wakaziona saluni hizo ni mizigo. Wakang'oa bodi wakazitupa, wakaweka bodi ya wazi ya mtindo wa magari ya mbio za Le Mans, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa na soko. Kwa hiyo 8 Litre iliyobaki na saluni yake ya kwanza ni chache sana kati ya zile 100. Wewe umeniambia hili lina paa lake, lina kioo cha kumtenga dereva, na vitambaa vya pembeni bado vimo. Na dalali kakwambia "bodi imeoza, haina thamani, nanunua chuma tu". Hamisi, anayenunua chuma tu hana haraka ya Ijumaa.

Bodi kuoza ni jambo la kawaida kwa umri huu. Ndani ya mabati ya aluminiamu kuna kiunzi cha mbao za mti uitwao ash, na maji huingia kwenye maungio ya paa na chini ya kioo cha mbele, yakashuka taratibu hadi miguuni mwa milango. Jaribu hivi: fungua mlango wa nyuma nusu, ushike kwenye ncha yake, unyanyue polepole kama unaupima uzito. Ukiona nguzo yenye bawaba inacheza, mbao imelegea. Kisha inua zulia pembeni, gusa mbao za chini kwa ncha ya bisibisi bila kukandamiza. Inapozama kama kwenye keki, piga picha, weka alama, acha. Usibandue bati hata moja. Fundi wa mbao anayejua kazi hii hukata kipande kilichooza, akaunga kipya kwa umbo lile lile, na vipande vya zamani hutiwa kwenye sanduku na kwenda pamoja na gari. Mtu akitoa bodi yote kwa haraka, ule mpangilio wa misumari, mbao na vitambaa unaothibitisha kwamba ni bodi ya 1931 unapotea, na hakuna karatasi itakayoufidia.

Rangi ni hivyo hivyo. Chini ya rangi ya juu kuna tabaka za zamani, na anayejua kusoma magari hukwangua sehemu ndogo iliyofichika akaziona moja moja mpaka rangi ya kwanza. Zikipigwa msasa zote, ushahidi umekwisha. Futa vumbi kwa brashi laini, basi. Ngozi ya viti usiipake mafuta ya aina yoyote, hata yule dada wa duka la viatu akikuhakikishia.

Injini sasa. Umesema kijana wa jirani ana betri na anataka "kuijaribu kidogo". Mzuie. Kwenye Bentley za wakati ule kichwa cha injini na bloku vimemiminwa kipande kimoja, kichwa hakifunguki. Silinda sita, vali nne kila silinda, jumla 24. Vali moja ikiganda kwa kutu na injini ikazungushwa kwa nguvu, vali inapinda, na kuifikia ni lazima bloku nzima ing'olewe. Injini ni ya lita karibu nane, sentimita za ujazo 7,983, na uzito wa bloku hiyo si wa kubebwa na watu wawili gereji.

Kama ni lazima ujue imekwama au la, fanya kwa mpangilio huu. Toa plagi zote. Zipo 12, mbili kwa kila silinda, kwa sababu gari lina vifaa viwili vya kutoa cheche za moto, magneto na koili. Ziandike namba ili kila moja irudi mahali pake. Mimina mafuta mepesi kijiko kimoja cha chai kila silinda, acha siku mbili. Gia ikiwa huru, shika hendeli ya mbele uzungushe kwa mkono mmoja. Ikienda, zungusha mara mbili tatu, simama. Ikigoma, simama pia, usiite msaada wa mtu mwenye misuli. Petroli ya zamani itolewe kwenye tangi, maana imeshageuka gundi na itaziba kabureta. Kazi ya kuwasha iache kwa fundi wa Bentley za zamani, naye atafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kubadilisha oili kabla ya kugusa waya wowote.

Na tazama chini, kwenye kasha la injini. Wameliunda kwa Elektron, aloi ya magnesiamu, nyepesi na nzuri, lakini adui yake ni maji. Pale inapogusana na chuma au shaba na unyevu ukaingia, huliwa. Utaona unga mweupe, au vishimo kama vya mchwa. Unga usiukwangue wala usimwage dawa ya kuondoa kutu yenye tindikali. Piga picha tu. Hilo ndilo litakalobadilisha bei kuliko mikwaruzo yote ya rangi.

Namba: itafute ile iliyogongwa kwenye chuma cha chasisi, usitegemee kibati peke yake, kwa sababu kibati huhamishika. Kwa 8 Litre huanza na YF, YR, YM au YX. Piga picha ya hiyo, ya injini na ya gia boksi. Halafu uende Wroxton, karibu na Banbury, si mbali nawe. Pale ndipo makao ya Bentley Drivers Club, chama cha tangu 1936, na pana W.O. Bentley Memorial Foundation inayotunza rekodi za matengenezo za kiwanda. Rekodi hizo huonyesha aliyelichukua gari likiwa jipya, bodi ya nani, na kilichobadilishwa. Ukipata nakala inayosema saluni, ya fundi fulani, na namba zinalingana na ulizozipiga picha, mazungumzo yote ya "chuma tu" yamekwisha.

Namba ya usajili pia isiuzwe peke yake. Yapo maduka yatakayompigia Bibi simu wakimtaka awauzie zile herufi mbili na tarakimu zake. Zimekuwa na gari tangu mwanzo, na bila hizo historia inabaki na pengo.

Kuuza kwenyewe. Kwanza hati ya usimamizi wa mirathi iwe mkononi, bila hiyo hakuna mwenye haki ya kusaini. Kadi ya gari, ile V5C, inataja mtunzaji aliyesajiliwa, haithibitishi umiliki, kwa hiyo tafuteni risiti za marehemu. Kwenye mirathi gari lihesabiwe kwa thamani ya soko ya siku aliyofariki, na wakili alijue hilo mapema. Faida ya kuuza gari la abiria haina kodi ya ongezeko la mtaji kwa mtu binafsi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuandika bei ya uongo, hata dalali akishauri.

Mnadani, kwa Bonhams au RM Sotheby's, gari litaonekana na watu wanaofaa, lakini piga hesabu kabla ya kusaini. Tuseme kwa mfano nyundo imegonga pauni 400,000. Muuzaji akikatwa asilimia 10, ni 40,000, na VAT ya asilimia 20 juu ya hiyo ni 8,000, Bibi anabaki na 352,000 kabla ya usafiri, picha na bima. Mnunuzi naye akitozwa asilimia 15 na VAT yake, anatoa 472,000. Kati yao zimeyeyuka 120,000. Kamisheni ya muuzaji hujadiliwa, hasa kwa gari kama hili, basi aombe ipunguzwe, na bei ya chini iandikwe kwenye mkataba. Asikubali makadirio makubwa ya kumfurahisha. Gari lisiponunuliwa mbele ya watu, soko lote linajua, na bei yake huchacha kwa muda mrefu.

Mimi ningeanza kimya kimya na wanachama wa Wroxton, kwa rekodi na picha za kasoro zote, tena kasoro zikiwa za kwanza. Mnunuzi akitoka nje ya nchi, kibali cha kulitoa gari huombwa Arts Council England, baraza la sanaa la huku, na tarehe ya kukabidhi ifuate hilo. Fedha ziwe kwa benki, Bibi mwenyewe aipigie benki yake kwa namba aliyo nayo siku zote, na funguo zisitoke mpaka aambiwe zimeingia na haziwezi kurudi. Na kulihamisha, lisikokotwe kwa kamba breki zikiwa zimeshika. Lipandishwe kwa winchi taratibu, kwenye lori lililofunikwa.

Nimeona niseme tena: bodi isitenganishwe na chasisi, hata kama mtu atatoa bei nzuri kwa kila kimoja peke yake.

Sasa niambie. Herufi za chasisi ni zipi? Kwenye kizingiti cha mlango, chini ya vumbi, kuna kibati cha jina la waunda bodi? Mtoto mkubwa amesaini chochote, au amepokea hata pauni kumi ya kishika nafasi? Unga mweupe upo? Yule dalali alipiga picha, na alilala chini kutazama au alitazama paa tu? Bibi mwenyewe anataka nini, aliwahi kupanda gari hilo? Na funguo usiku huu zipo kwa nani?

Nipigie kesho kabla ya saa mbili asubuhi, nitakuwa bado nyumbani.

Ndugu yako,
Shaban